Naomba ushauri: nafasi ya akiba kwenye hifadhi ya mashine pepe
Ndugu wataalamu, ofisini kwetu hapa Tabora tuna seva ya VMware (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja) yenye hifadhi ya terabaiti 4, na diski za mashine pepe zilizomo hupanuka kadiri data zinavyoongezeka, hivyo jumla ya ukubwa tulioziahidi imeshazidi nafasi halisi. Wengi hutaja akiba ya asilimia 20, lakini nina shaka nayo, kwa sababu snapshoti (kumbukumbu ya hali ya mashine kwa wakati fulani, ambayo mabadiliko yote ya baadaye huandikwa kwenye faili la kando) ikisahaulika inaweza kukua hadi kukaribia ukubwa wa diski yenyewe, na kila mashine inapowashwa huunda faili la swopu (nafasi ya diski inayotumika memori ya seva ikipungua) linalolingana na sehemu ya memori yake ambayo haikutengewa rasmi. Diski mpya huagizwa Dar es Salaam, nazo hazifiki kesho yake. Je, akiba ikokotolewe kwa asilimia, au kwa kuangalia diski iliyo kubwa kuliko zote? Na tahadhari ianze kutolewa nafasi ikibaki kiasi gani?