Nyie mnaouza flashi za "Zilipendwa Bora", chemko mmelipeleka wapi?

Wakuu, salamu. Wale wa povu ruksa sogeeni karibu, leo nimekuja na ndoo nzima.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na shughuli nyumbani kwa baba mkubwa, Pasiansi, hapa Mwanza. Mzee ametimiza miaka 75. Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye meli, Mwanza na Bukoba, Bukoba na Mwanza, na kitu kimoja alichorudi nacho nchi kavu ukiondoa mgongo mbovu ni mapenzi ya muziki wa dansi. Ndugu tukachanga. Mmoja akatoa mbuzi, mwingine akapita soko la samaki la Mwaloni kuchukua sato, mwingine akabeba turubai na viti. Mimi kwa kiherehere changu nikasema muziki niachieni.

Nikashuka mjini, maeneo ya Makoroboi, kwa jamaa mmoja anayeingiza watu nyimbo kwenye flashi. Nikamweleza vizuri kabisa: nataka zilipendwa, wazee wacheze mpaka wasahau dawa zao za presha. Hakuwasha hata kompyuta. Akafungua droo, akatoa flashi ya GB 16 iliyobandikwa kikaratasi: ZILIPENDWA BORA 500, HAKUNA KURUKA. Elfu ishirini. Wala sikuomba anipunguzie, nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Sasa kwa vijana wasiojua, ngoja niwape darasa kidogo. Wimbo wa dansi wa zamani una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya maneno: mtu analalamikia mkewe, anamuusia mwanawe, anamlilia rafiki aliyekufa. Hapo mzee mwenye adabu zake anakaa, anakunywa taratibu, anatikisa kichwa. Halafu magita yanabadilika, tumba zinachangamka, tarumbeta zinaitana, na hilo ndilo chemko. Wakongo wanaliita sebene. Ndipo watu wanapoinuka. Anayeinuka kabla ya chemko tunamwona ana haraka, na anayebaki kitini chemko likiingia tunamuuliza kama anaumwa.

Basi sabufa ikawashwa, akaanza Mbaraka Mwinshehe. Wazee kimya, wanaimba kwa midomo tu. Gita likaanza kugeuka. Baba mkubwa akaweka glasi chini, akamshika shangazi mkono. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa injini enzi zao akavua koti kabisa akalitundika kwenye kiti. Wameshafika katikati ya uwanja, bega la kwanza limeshatikiswa, na wimbo PAAP, umekatika! Ikapigwa honi kama ya basi la mkoani, likafuata lijitu linapiga kelele kwamba yeye ndiye mfalme wa madijei Kanda ya Ziwa, halafu ukaanza wimbo mwingine. Wa taratibu. Mwanzo kabisa.

Wazee wakatazamana. Wakarudi kukaa.

Wimbo wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Ulipofika wa nne hakuna aliyeinuka. Yule fundi akavaa koti lake. Baba mkubwa akaniita pembeni, hakunifokea, na bora angenifokea, akasema, "Ng'wanone (mwanangu), muziki huu umekatwa miguu."

Usiku huo sikulala vizuri. Jumapili baada ya ibada nikaichomeka flashi kwenye kompyuta nikaanza kukagua moja moja, na hasira ndipo ilipokolea.

Kwanza hazikuwa 500, zilikuwa 412. Katika hizo, 67 ni marudio yaliyobadilishwa majina tu. "Sina Makosa" imo mara tatu! Mahali pa kwanza imeandikwa ni ya Simba Wanyika, pa pili Les Wanyika, pa tatu "Wanyika Stars". Jamani, ule ni wimbo wa Les Wanyika. Hao walikuwa ndani ya Simba Wanyika ya kina Kinyonga, wakajitoa mwaka 1978 huko Nairobi wakaanzisha chao, kina Tom Malanga, Omar Shabani na wenzao. Watu waligawana bendi kwa uchungu, wewe unakuja kuwarudisha kundini kwa kubofya kibodi.

Marijani Rajab amegeuzwa Mbaraka. Mbaraka mwenyewe amerundikwa kwenye folda moja, Morogoro Jazz na Super Volcano chungu kimoja, kana kwamba ni bendi moja. Na kuna folda nyingine, naapa sitanii, imeandikwa MBARAKA MPYA. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979! Mpya ametoka wapi? Nimefungua, ni kijana anaimba nyimbo zake kwa kinanda.

Franco wa Kongo ndiye aliyenitoa machozi. "Mario" ya mwaka 1985 mnaijua, karibu robo saa, Franco anamsema yule kijana msomi anayelelewa na mama mtu mzima, mwimbaji wake Madilu anapokea kwa sauti ile ya kubembeleza, halafu magita ya bendi yake, OK Jazz, yanachukua nchi. Kwenye flashi ina dakika nne na sekunde hamsini. Yaani malalamiko hayajaisha, Mario hajafukuzwa, honi imeshapigwa.

Nikajisemea labda ni dansi tu, ngoja niangalie kantri, maana wazee wa huku na kantri wanajuana. Folda ya Jim Reeves. Humo nikamkuta anaimba na Patsy Cline, sauti zinapokezana kama mtu na mkewe. Huo nao nilikuwa naujua. Patsy Cline alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1963, Jim Reeves naye kwa ajali ya ndege Julai 1964, na pamoja hawakuwahi kuurekodi. Ni wenye kampuni walioziunganisha sauti zao kwa mitambo, wakautoa mwaka 1981 kwenye albamu ya vibao vyao bora. Kwa hiyo Wazungu nao wana ufundi wao wa kuwaimbisha marehemu, sikatai. Ila wale walipiga kazi ya studio, na Patsy akabaki kuitwa Patsy. Wa kwangu huyu mwanamke ameandikwa "Dolly".

Reggae sisemi sana. Ni ile albamu ya Bob Marley iliyotoka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake, imemwagwa humo bila mpangilio. Taarabu nimepita haraka, kila mwanamke wa Zanzibar kaitwa Bi Kidude. Kwaya zimeandikwa "Kwaya 1" mpaka "Kwaya 38", kwaya zetu za hapahapa Mwanza ambazo waimbaji wake tunakutana nao sokoni. Waliosalimika ni waimbaji wa Kisukuma peke yao, na sababu ni kwamba wanajitaja wenyewe ndani ya wimbo: jina, baba, kijiji. Hao huwezi kuwanyang'anya jina labda ufute wimbo wote.

Jumatatu nikarudi kwa jamaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, akaniangusha kwa upole. "Kaka yangu, wateja wanataka nyimbo nyingi. Siku hizi nani ana dakika kumi za wimbo mmoja?" Nikamwambia baba mkubwa anazo, na amekuwa akizingojea tangu astaafu. Akasema yeye hakati, anazipokea hivyo kutoka Dar. Na honi je? Honi nayo kaipokea. Na lile lijitu? Akacheka. Nikajua ni yeye.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba wakuu mnisikilize. Mkusanyiko wa nyimbo bora sio kosa. Nusu ya muziki ninaoujua nimeujua hivyo. Duniani huko albamu za namna hii ni biashara kubwa kweli: Eagles wa Marekani walitoa mkusanyiko wao Februari 1976, na mwaka 2018 ukathibitishwa kufikia milioni 38 kwa Marekani peke yake. Uingereza, hakuna albamu iliyouzwa kuliko ule mkusanyiko wa Queen wa 1981. Na kukata nyimbo kulikuwepo pia. Kulikuwa na kampuni ya Canada, K-tel, iliyokuwa inabana nyimbo ishirini na kitu kwenye santuri moja na kuzitangaza kwenye televisheni, na ili zienee ilibidi baadhi zipunguzwe. Lakini wale walikuwa na sababu! Santuri kubwa upande mmoja unabeba dakika ishirini na kidogo. Ukilazimisha zaidi, mifereji inabanana na sauti inafifia. Kanda ya dakika 90 ina 45 kila upande. CD inaishia dakika 80 hivi. Vyombo vilikuwa vidogo.

Flashi ya GB 16 ina udogo gani? Nimepima. Zile 412 hazijajaza hata robo yake. Nafasi ya kuweka Franco mzima, na Mbaraka mzima, na Tabu Ley na ukoo wake wote ilikuwepo, ikabaki tupu, ili mradi namba kwenye kikaratasi iwe kubwa.

Halafu juzi nimegundua kitu kingine. Baba mkubwa ana sanduku la bati la enzi za meli, ndani yake kuna santuri kama thelathini, zile ndogo. Hakuna cha kuzipigia, gramafoni ilikufa zamani. Nikazitoa nizifute vumbi nikawa nasoma karatasi za katikati. Upande mmoja: jina la wimbo, sehemu ya 1. Geuza: jina lilelile, sehemu ya 2. Inayofuata, sehemu ya 1, sehemu ya 2. Nikakaa chini. Santuri ndogo upande wake ni dakika nne, tano, kwa hiyo wimbo mrefu waliugawa: maneno huku, chemko kule.

Mmeelewa? Kuna mtu mahali fulani aliweka santuri kwenye mashine, akarekodi upande wa kwanza, akaona wimbo umeisha, akachukua santuri nyingine. HAKUGEUZA. Sio zote, zile za honi ni ukatili wa makusudi, lakini nimelinganisha santuri saba na flashi, na tano kati ya hizo zinaishia palepale upande wa kwanza unapoishia. Wenzake wakanakili, na wenzake wa wenzake, mpaka imefika Makoroboi, na leo kijana wa miaka ishirini anaamini wazee wetu walikuwa watu wa kulialia tu, nyimbo zao zinapooza, hazichezeki. Hajawahi kusikia upande wa pili!

Ninachodai ni kidogo. Andikeni jina la bendi. Wekeni wimbo mzima au semeni wazi kwamba ni kipande. Kama aliyeimba ni mwingine na kinanda chake, mtajeni na yeye, naye ana mama yake. Honi pigieni kwenye nyimbo zenu. Na hela yangu elfu ishirini siitaki, nataka chemko.

Mwenye gramafoni inayofanya kazi hapa Mwanza, au hata sindano yake tu, iwe Igoma, iwe Buhongwa, hata Sengerema nitavuka, aje PM. Nalipa.

NYONGEZA: Wanaoniambia niende YouTube, nimekwenda. Nyingi ni zilezile zilizokatwa, nyingine zina honi ileile. Na yule aliyeandika kwamba mleta uzi amezeeka, ana miaka mingapi ya kusubiri mpaka naye apende kitu kikatwe mbele yake? Mimi nina 34.

NYONGEZA 2: Kuna mdau wa Nyakato anasema marehemu babu yake aliacha mashine, sindano ipo ila mkanda wa kuzungusha umelegea. Naenda Jumapili. Baba mkubwa ameshapanga santuri kwenye kikapu, zote upande wa pili juu.