Siga iliyolazwa kwenye pipa la wiski, mbona wiski yenyewe siisikii?

moshi_taratibu
Wakuu habari zenu. Nina swali na naomba msinicheke maana kwenye mambo ya siga mimi bado mgeni, nina kama mwaka na nusu hivi, na kwa wiki mbili navuta moja tu. Juzi kati nilizawadiwa boksi dogo la siga nne, zile za hadhi ya juu, na limeandikwa kabisa kwamba tumbaku yake imelazwa miezi kadhaa kwenye mapipa yaliyotoka kuhifadhi bourbon, ile wiski ya Kimarekani. Saizi ni toro, 6 kwa 50, yaani urefu inchi 6 na unene 50/64 ya inchi. Wameahidi vanila, karameli, mwaloni ulioungua, sijui na nini tena, mate yakanitoka.

Sasa kabla ya kuwasha nikainusa pale mguuni, ncha ya kuwashia, kweli kuna kaharufu katamu. Nikakata kichwa, ncha ya mdomoni, nikavuta kavu bila moto, nikapata mbao na kitu kama zabibu kavu, nikasema leo ndo leo. Kuwasha tu, pilipili! Pilipili na mbao, mbao na pilipili, hadi nusu. Halafu ukaingia uchungu kama wa kahawa iliyosahauliwa jikoni, na kufika theluthi ya mwisho ulimi umekufa ganzi nikaiacha. Hiyo wiski sikuiona hata kwa mbali. Na siga haikuwa mbovu, mvuto ulikuwa mwepesi, jivu jeupe safi limeshika kama inchi nzima ndo likaanguka.

Je ulimi wangu ndo mbovu au hilo pipa ni maneno ya boksini tu? Na nyie mnaozipa siga namba kati ya 100, sijui 90, sijui 92, mnazipimaje hizi za pipa? Zimebaki tatu na sitaki kuziunguza bure.

fundi_wa_jivu
Umeivuta kwa dakika ngapi? Na ulikuwa umezihifadhi wapi?

moshi_taratibu
Dakika 40 hivi mkuu. Zilikaa kwenye boksi lake kabatini, kama wiki tatu, sikuziweka na zile nyingine.

fundi_wa_jivu
Basi pilipili yako imeshajieleza. Toro ya 6 kwa 50 ukienda nayo polepole ni saa nzima hadi saa moja na nusu, wewe umeimaliza kwa dakika 40 tena ikiwa imekauka, hapo umeivuta kama unakimbizwa. Siga kavu inaungua kwa joto kubwa, joto likizidi zile harufu laini zinakufa kwanza, unabakiwa na ukali na uchungu. Na vanila ya pipa ni harufu laini kuliko zote humo ndani. Zirudishe kwenye boksi la unyevu, asilimia 65 hadi 69, ziache wiki tatu au nne usiziguse. Kisha pafu moja kwa dakika, basi, hata kama mkono unawasha.

Jivu jeupe lisikupumbaze pia. Rangi ya jivu inategemea sana madini ya udongo tumbaku ilipolimwa, haikwambii kama siga ni tamu.

babu_majani
Kijana umeuliza swali zuri na wengi wanalikosea kwa sababu wanadhani siga imechovywa kwenye wiski. Hapana. Ngoja nieleze kidogo maana hapa ndo utamu wenyewe ulipo.

Bourbon kwa sheria ya Marekani lazima ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja haliwezi kurudi kwenye kazi hiyohiyo. Ndo maana mapipa yaliyotumika yamejaa, yanauzwa kwa watu wa wiski nyingine, wa ramu, wa bia, na watu wa tumbaku nao wakaingia foleni. Pipa la kawaida linabeba kama lita 200. Ule mwaloni ukichomwa, mbao yenyewe inavunjika na kutoa vanilini, ndo hiyo vanila mnayoisoma kwenye maboksi, haitoki kwenye wiski peke yake, inatoka kwenye mti.

Sasa kinachoingia pipani mara nyingi si siga iliyokamilika, ni majani kabla hayajasokotwa. Jani la tumbaku linanyonya harufu vibaya sana, ukiliweka karibu na sabuni litanuka sabuni. Likikaa miezi pale pipani linakunywa unyevu na harufu ya mbao, lakini pombe yenyewe inapaa, na kilichobaki kikikutana na moto unajua mwenyewe. Kwa hiyo ukitafuta wiski kwenye moshi utaitafuta hadi kesho. Tafuta mti. Ni kama nguo iliyofukizwa udi, unapita watu wanasikia udi lakini nguo bado ni nguo.

Halafu jiulize ni jani gani lililazwa, kwa sababu siga ina jani la nje, jani la kufungia na majani ya tumboni, na si lazima yote yapite pipani. Watengeneza siga Perdomo wa Estelí kule Nicaragua wanajulikana kwa kulaza majani ya nje kwenye mapipa ya bourbon. Siga ya Diesel Whiskey Row, waliotumia mapipa ya bourbon ya Rabbit Hole, walilaza jani la kufungia, lile la San Andrés la Mexico. Siga ya Camacho American Barrel-Aged wao pipa lao liko kwa majani ya tumboni, aina ya corojo. Ikiwa ni jani la nje utaipata mdomoni na kwenye kunusa kavu, mapema kabisa. Ikiwa ni la ndani, kunusa nje hakukwambii kitu, inabidi usubiri moshi upoe na upitie puani.

Na zile zilizopakwa ladha ni kitu kingine kabisa. Lamba mdomo baada ya pafu mbili bila kuvuta tena, ukikuta utamu kama wa pipi umeganda pale basi kichwa kimepakwa sukari, hapo hakuna pipa la kujadili.

chuma_kavu
Babu nakuheshimu lakini mimi nitasema wazi, nyingi kati ya hizi ni biashara. Niliwahi kununua boksi zima, jina silitaji, pipa limechorwa mpaka kwenye pete, ile karatasi ya jina inayozunguka siga. Kuwasha naona amonia, ile harufu ya choo cha stendi, yaani tumbaku haijamaliza kuchachuka wakaipitisha pipani ili utamu ufunike uchanga. Nikaziweka miezi minane amonia ikapungua, na vanila nayo ikaondoka nayo 😂 nikabaki na siga ya kawaida kwa hela ya siga ya sherehe.

Pipa haliokoi tumbaku mbaya. Tumbaku nzuri nayo sioni inatafuta nini pipani.

meza_nyeupe
@chuma_kavu kwenye tumbaku mbaya uko sahihi, kwenye tumbaku nzuri umepitiliza kaka. Kuna majani mazito, ya giza, yenye mafuta, ambayo mwaloni unayatuliza na kuyapa utamu wa mbao ambao hayana peke yake. Tatizo ni ulimi wetu kuamini kilichoandikwa kabla ya kuonja.

Moshi, mimi nazipima hivi, si sheria, ni njia yangu. Kwanza sipimi siga ya pipa peke yake. Natafuta nyingine ya saizi ileile na ukali unaokaribiana ambayo haijawahi kuliona pipa, namwambia mtu anitolee pete zote mbili anipe moja leo, nyingine kesho kutwa, asiniambie ipi ni ipi. Maji tu mezani. Wiski usiiguse siku hiyo, maana ukishaweka bourbon mdomoni hata penseli utasema ina bourbon, na watu kibao wanazipima hizi na glasi mkononi halafu wanashangaa vanila imetoka wapi.

Kuwasha ni pole, mguu unaupasha joto kwanza bila kuugusisha moto, ukishika rangi ndo unavuta huku unaizungusha. Pafu mbili tatu za mwanzo sizihesabu kabisa, huo ni mkaa. Halafu nagawa siga mafungu matatu na kila fungu naandika maneno machache, yangu, si ya boksini. Nikisikia karafuu naandika karafuu, nikisikia kabati la zamani lililofungwa naandika kabati la zamani. Na kila pafu ya nne au ya tano napitisha moshi kidogo puani, usiumeze, unauacha utoke taratibu kwa pua, nusu kwa mdomo. Kidogo sana! Mara ya kwanza utalia machozi. Lakini pipa linaishi hapo, ulimi unajua tamu, chungu, chumvi, chachu na ile ladha ya mchuzi mzito basi, vanila na mwaloni ni kazi ya pua.

Namba zangu ni 100 kama wengine. Mvuto na kuungua sizipi nyingi, siga ya hadhi hiyo kuungua sawa ni wajibu wake, ila ikihitaji kurekebishwa na kiberiti zaidi ya mara mbili naikata bila huruma. Nyingi zinakwenda kwenye ladha, na ndani ya ladha naangalia inabadilika au imesimama palepale, na ladha inakaa muda gani baada ya moshi kutoka. Kwa za pipa nina swali moja la ziada: huo mwaloni umefika theluthi ya pili? Zikiishia kwenye kunusa kavu na inchi ya kwanza, kwangu hazivuki 87.

fundi_wa_jivu
Niongeze hapo, usizichanganye na siga nyingine kwenye boksi moja, zitaambukizana harufu. Babu kashasema jani linanyonya.

mpita_njia77
Halafu ndugu ulimi kufa ganzi ile ni nikotini na joto, ukisikia kizunguzungu weka siga chini ulambe sukari kidogo, usijikaze. Na siji kuhubiri ila tusidanganyane humu, kutomeza moshi hakukuondolei saratani ya mdomo na koo. Mnaovuta vuteni mkijua.

babu_majani
Kweli kabisa. Ndo maana nasema bora moja nzuri kwa mwezi.

moshi_taratibu
Wakuu nimerudi, zimepita wiki nne na siku kadhaa. Nilizitenga kwenye kiboksi chake na kipakiti cha unyevu cha 65, jana nikatoa ya pili. Ile ya kufichwa pete sikufanya sababu sikuwa na mtu wa kunisaidia, nisameheni. Saa ilikuwa mezani, nimetumia saa moja na dakika kumi na mbili, na ilikuwa adhabu mwanzoni, kuna wakati ilitaka kuzimika.

Basi pilipili ipo bado, ila imekaa nyuma. Fungu la kwanza nimeandika mbao mbichi iliyopigwa randa na kakao. La pili nikapitisha puani, machozi yakatoka kama alivyosema meza_nyeupe, na hapohapo katikati ya machozi ndo ikaja! Si wiski, ni kama ukifungua droo ya mbao ambayo zamani iliwekwa vanila. Sekunde tatu nne ikapotea, pafu iliyofuata ikarudi. Kwenye ulimi tu bila pua, hakuna kitu, nimejaribu mara kibao. Fungu la mwisho ni kahawa na ngozi ya kiatu kipya, uchungu kidogo lakini si ule wa siku ile, nikaivuta mpaka vidole vikaungua. Pia nimeuliza kwa walionizawadia, jani lililolazwa ni la kufungia, kwa hiyo babu ulishasema.

Nimeipa 89.

meza_nyeupe
Droo ya mbao 👏 hayo ndo maandishi sasa. Theluthi ya pili imefika, sina ubishi na namba yako.

chuma_kavu
Ungekuwa hujui kama ina pipa ungeipa ngapi? Sema ukweli.

moshi_taratibu
86 😂 Zimebaki mbili, jumamosi namwita shemeji aje kutoa pete.