Rangi ya Alexa 647 siioni kwa macho, niiache nitumie Atto 488?

kijana_wa_Njiro
Wakuu habari za jioni. Niko Arusha nasoma masters, nina slaidi za ubongo wa panya nataka kuona sinapsi (pale seli mbili za neva zinapopeana taarifa), protini ya Bassoon upande unaotuma na ya Homer upande unaopokea. Kwa maikroskopu yetu ni doa moja tu la njano, nyekundu na kijani zimelaliana, maana mwanga wa kawaida hautenganishi vitu vilivyosogeleana chini ya nanomita 200 na hao wawili wameachana kama 150 tu. Msimamizi kaniombea wiki moja ya STORM (maikroskopu inayotenganisha vitu vilivyosogeleana zaidi ya hapo) Ujerumani kwa rafiki yake. Sasa jana nimejaribu rangi zangu, Atto 488 inawaka mpaka raha, ila Alexa Fluor 647 nachungulia naona giza tupu na ndiyo iliyomaliza hela. Niitupe?

leza_Moshi
Usitupe chochote mkuu. 647 inatoa mwanga kwenye nanomita 668 hivi, huko jicho la binadamu ni kama kipofu, weka kamera utaiona.

Halafu kwenye STORM hatutafuti rangi inayowaka sana, tunatafuta inayokonyeza vizuri. Unazizima molekuli karibu zote, inaamka moja hapa moja kule, kamera inapiga, zinalala tena, unarudia picha maelfu, kompyuta inatafuta kitovu cha kila doa. Ukiwaamsha wote kwa pamoja unarudi kwenye doa lako la njano. Kwa hiyo uliza vitu viwili, ikikonyeza inatema fotoni (chembe za mwanga) ngapi, na inakaa imelala muda gani. Mtawanyiko wa doa moja (sigma) ni kama nanomita 130, gawa kwa kipeuo cha pili cha fotoni: fotoni 100 unakosea kitovu kwa nanomita kama 13, fotoni 2500 unakosea kama 2.6, na hapo bado hujaweka uchafu wa mwanga wa nyuma. 647 inatema maelfu na ni mlalaji hasa. Mwaka 2011 kuna watu wa Harvard walipima rangi 26, kwenye nyekundu 647 ikaibuka kidedea. Atto 488 nayo ni nzuri kati ya kijani wenzake, ila kijani wenyewe ndo wanyonge. Mimi Homer ningeipa rangi nyingine, Cy3B.

Na bafa (maji ya kulowekea slaidi wakati wa kupiga picha) changanya siku hiyohiyo! Kile kimeng'enya cha ndani yake kinachokula oksijeni kinaacha asidi, bafa inachachuka kama maziwa, ikishachachuka rangi hazikonyezi tena utabaki unailaumu Alexa bure.

mama_slaidi
Mdogo wangu, antibodi (zile zinazobeba rangi na kunasa protini) unazotumia ni zipi? Ukipandisha ya kwanza juu yake ya pili, rangi inaning'inia mbali na protini labda nanomita 20, na ufa wenyewe wa sinapsi ndo hizohizo 20. Kwa Bassoon na Homer utapona, ila siku ukitaka kupima ufa utadanganyika. Kuna vile vinanobodi, antibodi ndogo za jamii ya ngamia, vina nanomita 4 tu. Ngamia tunapishana nao barabarani kila siku hatujui wamebeba nini.

mbishi_wa_Sakina
Kwani lazima Ujerumani? Tangu 2015 kuna njia ya chuo cha MIT Marekani, unalowesha ubongo kwenye jeli ya aina ileile ya pampasi, inavimba mara 4 kila upande, maikroskopu yenu ya kawaida inakutenganishia mpaka kama nanomita 60 au 70.

leza_Moshi
Kweli, ila hapo mwambie na ubaya wake. Dawa za kugandisha jeli zinaua 647 na ndugu yake Cy5 kabisa. Bingwa wa STORM kwenye jeli anakuwa maiti, huko tumia rangi nyingine, Atto 647N, japo inanatanata kila mahali.

kijana_wa_Njiro
Duh, asanteni sana. Basi 647 inabaki kwa Bassoon naenda nayo Ujerumani, Cy3B naagiza. Ya jeli najaribu hapahapa wiki hii, nimeshaomba pampasi mbili kwa dada.

mama_slaidi
Rudisha pampasi za watu. Omba akrileti ya sodiamu safi, malighafi ya jeli yenyewe, pale stoo ya kemikali.