Gari limenigonga nikiwa juu ya baiskeli, dereva ataka tumalizane kienyeji

Muuza Mikate, Kisauni
Salamu jamaa. Jumanne alfajiri nilikuwa natoka Kongowea, hapa Mombasa, na kreti mbili za mikate. Kabla ya kupanda daraja la Nyali, gari dogo likanipiga ubavuni. Mkono wa kushoto umefungwa plasta, rimu ya nyuma imekunjika, mikate yote ikasagwa na matairi. Dereva alisimama akanipeleka hospitali mwenyewe, hilo namshukuru. Sasa ataka nipokee elfu nane, tuandikiane, nisiende polisi. Nina watoto watatu, na daktari kasema wiki sita bila kubeba kitu. Nifanyeje?

Binti Majengo
Pole sana kaka. Usitie sahihi chochote! Nenda kituoni leo uandikishe ajali, upewe nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Chukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, daktari aijaze. Fomu yenyewe ni ya bure. Kisha omba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali, ndiyo yenye nambari ya bima ya gari. Kudai fidia mahakamani una miaka 3, lakini shahidi mtafute sasa. Hakuna aliyeona?

Fundi Baiskeli
Usiinyooshe rimu kwanza, piga picha. Mteja wangu alitengeneza kesho yake, akakosa cha kuonyesha. Weka risiti zote, hata za tuktuk.

Muuza Mikate, Kisauni
Ahsanteni mno. Mama wa mahamri pale kando aliona yote, amekubali kusema. OB ninayo. Dereva nimempigia, nikamweleza kwa adabu. Kesho analeta karatasi za bima.