V12 ya Century ndani ya Soarer: nimeiona Jomvu, niichukue?

Karani wa Kilindini

Salaam aleikum wana magari. Nina Toyota Soarer JZZ30 nyeupe, ile ya injini ya 1JZ yenye tabo (turbo). Februari ilichemka kwenye foleni ya Kibarani hapa Mombasa, nikajikaza nayo mpaka nyumbani Tudor. Nilikosea. Kichwa cha injini kimepinda na pistoni mbili zimekwaruza.

Wiki iliyopita nilikuwa yadi moja ya spea Jomvu natafuta 1JZ nyingine. Nyuma ya rundo la giaboksi nikaona injini ndefu imefunikwa turubai. Nikafunua, nikahesabu plagi mara mbili: sita huku, sita huku. 1GZ-FE ya Toyota Century! Wallahi nilisahau kilichonipeleka. Hii ndiyo V12 pekee ya Kijapani iliyowahi kuwekwa kwenye gari la kawaida la kuuzwa. Nyingine zilikuwa za mashindano, kama ile ya Honda aliyochukulia Senna ubingwa wa Formula 1 wa 1991 akiwa na McLaren.

Muuzaji anataka laki nane. Karatasi zake za forodha ni safi. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, hapo sidanganyiki. Injini ndiyo siielewi. Je, itaingia? Itastahimili joto letu? Au nichukue 1UZ, ile V8 ya Toyota, kama ninavyoshauriwa na kila mtu?

Fundi Umeme, Changamwe

Kaka, hiyo umebahatika kuiona. Lakini usitoe hata shilingi kabla hujasoma haya.

Ukifuata nguvu tu, tengeneza 1JZ yako. Kwenye karatasi ilikuwa farasi 280, na V12 hii pia ni farasi 280. Miaka ile watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Hii ni lita 5, haina tabo ya kusubiri, na ukikanyaga mvuto upo tayari. Zaidi ya yote ni utulivu wake. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja hujisawazisha yenyewe. Hapa ziko mbili zimelazwa kwa nyuzi 60 juu ya kombo (crankshaft) moja, na kila nyuzi 60 za mzunguko silinda moja inawaka. Mtu akiipenda hali hiyo, V8 haimtoshelezi. Mimi ningekuwa na uwezo ningeichukua.

Sasa swali langu: waya zimekatiwa wapi? Injini hii ina kompyuta mbili, kila upande na yake. Toyota waliifanya hivyo ili upande mmoja ukifa, gari liendelee kwa silinda sita za upande wa pili, kwa sababu Century ni gari la kubebea wakubwa wa Japani, halifai kuzimika njiani. Uzuri huo kwako ni kazi. Ukikosa kompyuta moja, ya pili haitaweza kuendesha silinda zote 12. Itakubidi ununue kompyuta ya kando yenye uwezo wa kuendesha silinda 12, na hapo hesabu yako ya laki nane imekufa.

Nililetewa V8 mwaka juzi, waya zimekatwa kwa grenda vidole vinne tu kutoka kwenye soketi. Nikamenya wa kwanza: shaba nyeusi. Nikarudi nyuma kidogo, nyeusi. Nikaukunja, ukakatika mkononi. Hewa ya chumvi huingia pale palipokatwa ikatambaa ndani ya mpira, na kwa nje waya unang'aa kama mpya. Nilikaa na gari lile miezi mitatu, mwenyewe akachoka akaja kulivuta. Mpaka leo linaniuma.

Na usome herufi zake vizuri. FE ni ya petroli. Ukikuta FNE, hiyo iliundwa kwa gesi, iache hapo hapo.

Mstaafu wa Meli, Likoni

Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi katika vyumba vya injini melini. Joto la Mombasa si tatizo ukiwa mwendoni. Tatizo ni foleni, kama ulivyojionea Kibarani. Rejeta ya Soarer iliwekwa kwa injini ya lita 2.5, wewe wataka kuipa 5. Tafuta rejeta nene ya alumini, feni mbili za umeme zenye kava lake la kuzizunguka ili hewa isipite pembeni, na kipozeo cha oili. Tena nakusihi, fundi asikutolee themostati, kile kilango cha maji ya kupoza. Huku kwetu gari likichemka kidogo tu ndicho kitu cha kwanza kutupwa, na si dawa.

Springi za mbele na breki nazo uzifikirie, pua itakuwa nzito.

Binti wa Nyali

Kuingia itaingia. Smokey Nagata wa Top Secret, karakana ya Japani ya kuongeza nguvu magari, aliiweka kwenye Toyota Supra A80 ya rangi ya dhahabu, akaongeza tabo mbili, akaikimbiza kwenye uwanja wa majaribio wa Nardo huko Italia hadi kilomita 358 kwa saa. Supra ile na Soarer yako ni ndugu kwa upande wa chini. Ila yeye alikuwa na karakana nzima nyuma yake.

Giaboksi usiamini maneno ya mtu. Chukua katoni ngumu, ibandike nyuma ya injini, gonga kwa nyundo ndogo mpaka matundu ya bolti yajichore, halafu nenda nayo kwenye kila giaboksi unayoambiwa inashika.

Karani wa Kilindini

Shukrani mno. Nimetoka Jomvu sasa hivi. Herufi ni FE. Upande wa kulia waya ni mrefu na soketi zote zipo. Upande wa kushoto umekatwa. Nimemenya kwa wembe, sentimita tano za kwanza ni nyeusi, baada ya hapo shaba ni nyekundu safi. Kompyuta moja tumeipata ndani ya gunia la rile (relay). Ya pili muuzaji asema huenda iko kwenye kontena wanalolifungua Alhamisi. Nimemwambia pesa atapata siku nitakayozishika zote mbili. Katoni ninayo kwenye buti, matundu nimeshayachora.