Tamthilia ya Malkia iandikwe "hii ni hadithi"? Tujadili, lakini tuanzie Nyeri

Mleta mada, Nyeri

Wadau, hamjambo. Kuna ubishi wa Waingereza nimeufuatilia kwa miaka kadhaa, na leo nauleta hapa kwa sababu unatuhusu kuliko wanavyodhani wenyewe.

The Crown, tamthilia ya Netflix kuhusu Malkia Elizabeth wa Pili na mawaziri wakuu wake, ilianza Novemba 2016 ikaisha Desemba 2023. Misimu sita, sehemu 60. Kelele zilipanda msimu wa nne, mwishoni mwa 2020, walipoingia Diana na Margaret Thatcher. Oliver Dowden, aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Uingereza, aliitaka Netflix itangaze mwanzoni kwamba hii ni hadithi, kwa hofu kwamba vijana ambao hawakuwapo wataichukua kuwa historia. Netflix ikakataa, ikasema watazamaji wake wanajua wanachotazama. Oktoba 2022, Malkia akiwa amefariki mwezi uliotangulia, mwigizaji Judi Dench aliliandikia gazeti la The Times akidai jambo lilelile. John Major naye, waziri mkuu wa zamani, akakanusha katakata mazungumzo yake na Charles yaliyobuniwa kwa ajili ya msimu wa tano. Netflix ikalegeza kidogo: kwenye maelezo ya kionjo cha msimu huo ikaandika kwamba ni tamthilia ya kubuni.

Swali ni hili: tamthilia ya siasa inayotumia majina ya watu halisi ilazimishwe kuweka onyo?

Mimi onyo silipingi, maana uongo umo. Msimu wa pili unamwonyesha Philip, mume wa Malkia, akiwa mwanafunzi mtukutu, na utukutu wake unasababisha dada yake Cecilie apande ndege iliyomuua. Mazishini baba anamlaumu mtoto. Ukweli ni kwamba Novemba 1937 Cecilie alikuwa safarini kwenda harusini London, na shule ya Philip haikuhusika kabisa. Kumtwisha mtu kifo cha dada yake, naye wakati ule alikuwa hai anasikia, si jambo dogo.

Sasa tazameni sehemu ya pili ya msimu wa kwanza. Februari 1952, Elizabeth na mumewe wako Kenya. Philip anamtania mzee mmoja kuhusu kofia yake, Elizabeth anamsahihisha kwamba ile si kofia, ni taji. Wanalala Treetops, hoteli ya juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama. Usiku huo Mfalme George wa Sita anafariki kwao Sandringham, na binti anapewa habari akiwa Sagana, kwenye nyumba aliyopewa na serikali ya koloni kama zawadi ya harusi. Baadaye ndege inaondoka na Kenya inatoweka.

Sehemu hiyo niliitazama na cucu wangu, yaani bibi yangu, ambaye mwaka ule alikuwa msichana wa miaka 12, hapa hapa Nyeri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Nyasi hizi si za kwetu." Hakukosea. Zile picha za Kenya zilipigwa Afrika Kusini.

Miezi minane baada ya ile ndege kuondoka, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kuwazima wapiganaji wa Mau Mau. Watu zaidi ya milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa kwa nguvu wakafungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Cucu alilichimba handaki la kijiji chao kwa jembe, chini ya mtutu wa bunduki. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Ile Treetops yenyewe ilichomwa moto na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954. Waziri mkuu wakati haya yanaanza alikuwa Winston Churchill, ambaye ndiye nguzo ya msimu wote wa kwanza. Je, msimu huo ulitenga hata sehemu moja kwa Kenya ya hali ya hatari? Haukutenga. Uliotengewa ni moshi mzito uliofunika London Desemba 1952, miezi miwili tu baada ya Baring kutia sahihi. Na ili moshi ule umguse Churchill, mwandishi alimbuni karani kijana, Venetia Scott, akamfanya agongwe na basi. Mtu huyo hakuwahi kuwapo duniani. Waliweza kubuni msichana wa London wa kuliliwa, lakini wa Nyeri, waliokuwapo kwa maelfu, hakuonekana hata mmoja.

Onyo linaweza kusema "tumebuni". Haliwezi kusema "tumeacha". Pale Sagana hakuna uongo wa kuonya: wanyama walikuwapo, mfalme alikufa kweli. Kwa hiyo tukiubeba ubishi huu jinsi Waingereza walivyouanzisha, tunalinda jina la Charles na la Major, na cucu anabaki palepale. Mnasemaje?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na shikamoo yangu umfikishie bibi. Lakini sikubaliani nawe. Tamthilia ya Malkia ni ya Malkia. Mtu ananunua bando, anakaa na familia yake jioni, anataka kujua Diana ameolewa vipi. Hakuomba darasa. Ukianza kudai kila kilichoachwa kiingizwe, hakuna hadithi itakayosimama, maana dola ile ilitawala robo ya dunia. Tukitaka ya Nyeri, tutengeneze yetu.

Halafu Ghana umeiruka. Msimu wa pili kuna sehemu nzima ya Nkrumah, Malkia anakwenda Accra 1961 na kucheza naye dansi. Mwafrika yupo pale, tena rais.

Mleta mada

Ahsante, shikamoo nitaifikisha. Na umefanya vizuri kuitaja Ghana, maana ndiyo iliyonitia uchungu zaidi.

Dansi ilikuwapo na picha zake zipo. Ila tazama sababu waliyompa Malkia ya kusafiri: amesikia kwamba Jacqueline Kennedy amemsengenya, anaona wivu, anataka kuonyesha kwamba naye anaweza. Safari yenyewe ilikuwa imepangwa tangu 1959 ikaahirishwa kwa sababu alikuwa mjamzito. Na Nkrumah? Alikuwa akitafuta fedha za bwawa la Volta, huku Wamarekani na Warusi wote wakimtazama, na alijua kuwachezesha pande zote mbili. Desemba 1961 Kennedy alikubali kusaidia. Ule ulikuwa ujanja wa kisiasa wa mtu mzima, na ndani ya tamthilia umegeuzwa zawadi ya dansi moja. Mwafrika yupo, nakubali. Akili yake ndiyo haipo.

Mchangiaji, Mombasa

Salaam. Mimi naomba turudi kwenye neno "ilazimishwe", kwa sababu limepita haraka mno. Nani atalazimisha? Bila shaka serikali. Na serikali zetu tunazijua zikipewa kalamu.

Mleta mada wewe ni wa Nyeri, si mbali na Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu waliigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa Kikuyu, kuhusu ardhi na vibarua. Uliendelea wiki kadhaa tu, kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka uleule Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Na usidhani hayo ni ya zamani: mwaka 2018 bodi ya filamu ilipiga marufuku filamu ya Kikenya iliyokuwa imealikwa tamasha la filamu la Cannes, ikabidi mahakama iifungulie kwa siku saba tu.

Leo utadai kitambulisho cha "hii ni hadithi" juu ya tamthilia ya Malkia. Kesho kijana wa Likoni atatengeneza tamthilia kuhusu gavana aliyekula fedha za hospitali, naye ataambiwa aweke onyo, kisha abadilishe majina, kisha aondoe sehemu ya tatu, kisha asionyeshe kabisa. Dowden aliomba tu, na Netflix ikaweza kukataa. Huku kwetu ombi la waziri si ombi.

Mchangiaji, Cardiff

Hamjambo nyote. Naishi Wales mwaka wa kumi na tano huu, mume wangu ni mzaliwa wa huku. Nataka kusema neno la kuitetea hiyo tamthilia, kwa jambo moja.

Oktoba 21, 1966, mlima wa taka za makaa ya mawe uliporomoka ukaifukia shule ya msingi katika kijiji cha Aberfan. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Malkia alifika baada ya siku nane. Msimu wa tatu una sehemu nzima ya msiba huo. Wakwe zangu hawakuwahi kuuzungumza mbele yetu, ingawa walikuwa bonde la jirani. Baada ya kuitazama, baba mkwe aliongea mpaka saa nane usiku. Watoto wangu wakaanza kuuliza, tukasoma pamoja kwamba uchunguzi wa 1967 uliitia hatiani bodi ya makaa ya mawe, na kwamba serikali ilichukua pauni 150,000 kutoka mfuko wa rambirambi kusaidia kuondoa taka zile zilizobaki. Mfuko wa rambirambi, ndugu zangu! Fedha zikarudishwa 1997.

Hakukuwa na onyo, na sioni lingeongeza nini. Lakini ninaposoma habari za cucu, naelewa tofauti. Aberfan walipewa sehemu yao. Nyeri hawakupewa.

Mleta mada

Dada wa Cardiff, pole kwa wakwe, na ahsante. Umelisema vizuri kuliko mimi.

Ndugu wa Mombasa, hoja yako imenikaa. Niliandika "silipingi" nikifikiria Netflix na London, sikufikiria ofisi zetu. Hapo narudi nyuma: sheria ya kulazimisha onyo siiungi mkono, wala kwao wala kwetu. Mwenye tamthilia akiweka kwa hiari yake, heri.

Mkuu wa Dar, hoja yako kwamba haiwezekani kuingiza kila kitu ni ya kweli, ila hapa haitoshi. Hawawezi kusema hawakujua. Mwaka 2011 ilibainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni huko Hanslope Park, ya Kenya yakiwamo. Juni 2013 William Hague, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni kwao akaeleza masikitiko, na walalamikaji 5,228 walioteswa enzi za hali ya hatari wakalipwa, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Tamthilia ilikuja Novemba 2016. Ushahidi wa wazee wetu ulikuwa umeshasomwa mahakamani London. Hata Charles mwenyewe, alipokuja Nairobi Oktoba 2023, alisema mbele ya watu kwamba ukatili ule hauna udhuru, ingawa neno la kuomba radhi hakulitamka. Wiki chache baadaye tamthilia ya mama yake ikafunga pazia, na Kenya ndani yake imebaki ni ile ya wanyama na nyumba ya harusi.

Uliposema tutengeneze yetu, hilo nalikubali bila ubishi. Fedha ni shida, lakini shida kubwa zaidi ni muda, maana wenye kusimulia wanaondoka. Walio na wazee wa Murang'a, Embu, Meru au Hola watuletee hapa walichosikia, kwa idhini ya wazee wenyewe.

Jumapili iliyopita nilimuuliza cucu majina ya wasichana aliochimba nao handaki. Alikumbuka saba. Nimeyaandika kwenye daftari, na Jumapili hii narudi kuuliza ya wengine.