Idadi ya mbegu ni nzuri, lakini mimba zinaharibika

Mvuvi wa Pangani: Ndugu zangu, kipimo cha shahawa kimeonyesha mbegu milioni 42 kwa mililita, tena zinaogelea vizuri, ilhali mimba za mke wangu zimeharibika mara mbili. Daktari ametaja kukatika kwa DNA ya mbegu, yaani maelekezo ya urithi ambayo mtoto hujengwa kwayo. Inawezekanaje? Navuta sigara. Je, vidonge vya zinki vitanisaidia?

Dada wa Maabara: Pole sana, ndugu. Inawezekana, kwa kuwa darubini huhesabu mbegu na kutazama umbo na mwendo wake, wala haioni hali ya DNA iliyomo kichwani. Utando wa mbegu umejaa mafuta ambayo, kama ya alizeti yaliyoachwa juani, huharibiwa na kemikali kali za oksijeni, nazo huzidi kutokana na sigara, maambukizi, au kuvimba kwa mishipa ya vena kwenye korodani. Kemikali hizo hukata DNA pia, na mbegu iliyokomaa haiwezi kukarabati DNA yake.

Zuberi: Usikimbilie duka la dawa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wenye wanandoa 2,370, haukuona ongezeko la watoto waliozaliwa hai pale wanaume walipopewa zinki na asidi ya foliki.

Dada wa Maabara: Naafiki. Mwombe daktari akupime korodani ukiwa umesimama, maana ile mishipa ya vena iliyovimba hunywea ukilala. Ukiacha sigara leo, rudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwani mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74, kisha huchukua majuma mengine kukomaa.